Baridi Inamkuta Mdudu Ameshajiandaa

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie wadudu na baridi, nami nitaanza na swali ambalo watoto huliuliza na sisi watu wazima tumeacha kuliuliza: theluji ikishaifunika ardhi, wadudu wanakwenda wapi? Wakati wa kiangazi kila mahali palikuwa na vipepeo, nyuki, mbu, panzi na mbawakawa. Miezi michache baadaye huoni hata mmoja. Wengi wetu tunaamini kwamba wamekufa wote, na kwamba wapya watatokea majani yakichipua. Lakini wapya hawazaliwi na upepo. Kila mdudu utakayemwona majira ya kuchipua ametokana na yai, buu, pupa (hatua ya kujigeuza kabla ya kuwa mzima) au mdudu mzima aliyekuwa hai muda wote wa baridi, na pengine hatua mbili tatu tu kutoka njia tuliyokuwa tukipita.

Nina jambo moja la kuwaeleza leo. Ukali wa baridi peke yake hauamui nani ataishi na nani atakufa. Kinachoamua ni matayarisho, na matayarisho hayo hufanyika jua likiwa bado linawaka. Mdudu anayesubiri mpaka ahisi baridi ndipo aanze kujipanga amekwisha kuchelewa.

Tuanze na hatari yenyewe. Mwili wa mdudu hufuata joto la mahali alipo. Hewa ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na yeye akawa wazi hewani, mwili wake nao unashuka hadi hapo. Na sehemu kubwa ya mwili huo ni maji. Sote tunajua kinachotokea ukisahau chupa iliyojaa maji ndani ya friza: maji yanaganda, yanatanuka, chupa inapasuka. Ndani ya mwili hai mambo ni mabaya zaidi ya hapo. Chembe za barafu zina ncha zinazotoboa utando mwembamba wa seli. Tena barafu inapojijenga huchukua maji matupu na kuacha chumvi nyuma, kwa hiyo umajimaji unaobaki nje ya seli unakuwa na chumvi kali, unavuta maji yaliyomo ndani, na seli inanyauka. Wapo pia wadudu wengi wanaokufa hata kabla barafu haijaanza, kwa sababu baridi huvuruga mpangilio wa chumvi kwenye neva na misuli. Mdudu analegea, anaanguka, na akikaa hivyo muda mrefu haamki tena.

Basi anajuaje kwamba baridi inakuja? Joto la hewa halitegemeki. Katikati ya kiangazi inaweza kuja wiki ya baridi, na mwishoni mwa majira ya kupukutika inaweza kuja wiki ya joto. Kitu kisichobadilika mwaka hadi mwaka ni urefu wa mchana na usiku. Usiku unaporefuka kufikia kiwango fulani, mwili wa mdudu hubadilisha homoni zake na ukuaji unasimama. Wataalamu huiita hali hii dayapozi. Ningependa tuielewe vizuri, kwa sababu mara nyingi watu huichukulia kuwa ni kuzimia kwa baridi. Sivyo. Mdudu huingia kwenye dayapozi chakula kikiwa bado kipo na hewa ikiwa bado nzuri, na ukimweka mahali pa joto hatoki humo kwa haraka.

Kila spishi ina hatua yake ya maisha inayoandaliwa kwa kazi hii. Panzi wengi hupita baridi wakiwa mayai ndani ya udongo. Kerengende wengi huwa mabuu chini ya ziwa, mahali ambapo maji ya chini hubaki karibu nyuzi 4 hata juu kukiwa na barafu ya kutembelea. Nondo wengi huwa pupa. Kipepeo Nymphalis antiopa hukaa akiwa mzima, na mabawa yake, amejibana chini ya gome la mti.

Kwa nondo wa hariri, Bombyx mori, jambo hili linanigusa kila nikilifikiria. Katika baadhi ya aina zake, mama ndiye anayeamua. Kama yeye mwenyewe alipokuwa yai alipata joto na mwanga mrefu, basi akikua atataga mayai yatakayolala mpaka baridi ipite. Homoni kutoka kwenye mfumo wake wa neva huenda hadi kwenye mayai yanayojengeka tumboni mwake, na mayai hayo yakishatagwa hugeuza wanga uliohifadhiwa ndani yake kuwa gliseroli na sorbitoli, vitu vinavyokinga seli zisiharibiwe na baridi. Mama mwenyewe hatayaona majira hayo. Atakuwa amekufa zamani, lakini kinga aliyowaachia wanawe inafanya kazi.

Miaka ya 1940, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, mtafiti Carroll Williams alifanya kazi na nondo mkubwa aitwaye Hyalophora cecropia. Pupa waliowekwa kwenye joto tu walikaa miezi bila kugeuka nondo. Pupa waliopitishwa kwenye baridi kwa majuma kadhaa, kisha wakarudishwa kwenye joto, waligeuka. Williams akachukua ubongo wa pupa aliyepitia baridi na kuupandikiza ndani ya pupa ambaye hakuipitia. Yule wa pili akaanza kukua. Ubongo ulihitaji baridi ndipo uweze kutoa ishara ya kuendelea na maisha. Naomba mlikumbuke hili tutakapofika kwenye habari ya majira ya baridi yanayopungua ukali.

Sasa niwapeleke kwenye shina moja la mmea, kwa sababu pale mambo yote haya yanaonekana kwa macho. Amerika ya Kaskazini kuna mimea ya maua ya njano ya jenasi ya Solidago. Baridi ikifika, sehemu ya juu hukauka na mashina hubaki yamesimama juu ya theluji. Yatazame kwa karibu. Baadhi yana uvimbe wa mviringo, upana wa sentimita mbili hivi. Ukiupasua kwa kisu utakuta nyama ngumu ya mmea, na katikati chumba kidogo sana. Ndani yake amejikunja buu mmoja mweupe, mnene, asiye na miguu. Huyo ni mtoto wa inzi Eurosta solidaginis. Shina la jirani linaweza kuwa na uvimbe mrefu uliochongoka pande zote mbili. Ndani ya huo kuna kiwavi wa nondo Epiblema scudderiana. Wote wawili wako katika uwanja mmoja na baridi moja, tena juu ya theluji ambako hakuna blanketi lolote. Mmoja huganda. Mwingine hagandi kamwe.

Yule wa inzi ndiye anayeganda. Kuanzia majira ya kupukutika mwili wake hujaza gliseroli na sorbitoli. Halafu, joto likishuka nyuzi chache tu chini ya sifuri, anaruhusu barafu ianze mapema, polepole, katika nafasi zilizo nje ya seli. Kuanza mapema ndiko kunakomwokoa, maana barafu inayojengeka taratibu huzipa seli nafasi ya kupoteza maji kidogo kidogo bila kupasuka. Zaidi ya nusu ya maji ya mwili wake hugeuka barafu. Ukimgusa ni mgumu kabisa. Hapumui kwa namna ya kuonekana, moyo wake umesimama, na anaweza kukaa hivyo majuma mengi, kisha joto likirudi akalainika na kuendelea. Mwaka 1959 mtafiti wa Kanada R. W. Salt alieleza kwamba seli za mafuta za buu huyu zinaweza kuganda hata ndani yake na bado zikaishi, jambo ambalo wanasayansi walikuwa wakiliona kama kifo cha hakika kwa seli yoyote.

Kuna kitu kingine anachofanya, na hiki kwangu kinashinda hata gliseroli. Kabla ya baridi, buu huyu hutafuna njia kutoka chumbani mwake mpaka karibu na nje ya uvimbe, kisha anaacha ngozi nyembamba tu ya mmea bila kuitoboa, na kurudi katikati. Kwa nini? Kwa sababu yeye ana mdomo wa kutafuna, lakini inzi atakayekuwa hatakuwa nao. Majira ya kuchipua inzi mzima atapita njia hiyo, atavimbisha kifuko kilicho kichwani mwake, na kuisukuma ile ngozi mpaka ipasuke. Mlango wa kutokea huandaliwa na mwenye meno, miezi mingi kabla ya kuhitajika.

Kiwavi wa nondo amechagua njia ya pili. Yeye akiguswa na barafu ndani ya mwili, amekufa. Kwa hiyo kazi yake yote ni kuhakikisha maji yake hayaanzi kuganda. Maji yaliyo safi, machache, yasiyo na kitu cha kuanzishia barafu, yanaweza kushuka mbali chini ya sifuri yakabaki maji. Kinachoanzisha barafu kwa kawaida ni uchafu: chembe ya vumbi, bakteria fulani, mabaki ya chakula tumboni. Ndiyo maana wadudu wa njia hii huacha kula na kusafisha utumbo kabla ya baridi. Kiwavi wetu pia hujizungushia hariri kwenye kuta za chumba chake, na hutengeneza gliseroli nyingi mno, kiasi cha kukaribia moja ya tano ya uzito wake. Akikamilisha hayo, umajimaji wake unaweza kufika karibu nyuzi 38 chini ya sifuri bila kuganda.

Wapo wanaozidi hapo. Huko Alaska anaishi mbawakawa bapa mwekundu, Cucujus clavipes, ambaye buu wake hujificha chini ya magome ya miti iliyokufa. Anatumia gliseroli, anaongeza protini zinazozing'ang'ania chembe za barafu zisikue, na juu ya hayo anapunguza maji mwilini. Kwenye maabara baadhi ya mabuu haya yameshushwa hadi nyuzi 100 chini ya sifuri na kurudi hai. Umajimaji wao huwa mzito kiasi cha kugeuka kioo, mgumu lakini usio na chembe hata moja ya barafu. Mwenzake wa huko huko, Upis ceramboides, yeye hukubali kuganda, na mwaka 2009 wanasayansi walikuta ndani yake kinga ya baridi iliyotengenezwa kwa sukari na mafuta, isiyo na protini.

Kaskazini zaidi, kwenye visiwa vya Aktiki vya Kanada na huko Greenland, kuna kiwavi mwenye manyoya aitwaye Gynaephora groenlandica. Huchukua karibu miaka saba mpaka awe nondo, na sehemu kubwa ya kila mwaka yuko ameganda. Anaweza kuvumilia nyuzi 70 chini ya sifuri. Kinachonishangaza ni ratiba yake. Hula hasa mwezi wa Juni. Kisha, kiangazi kikiwa kingali katikati, na jua likiwa halitui kabisa, anaacha kula, anajisokotea makazi ya hariri na kujifungia. Mtu angedhani anapoteza siku nzuri. Lakini nyigu na inzi wanaotaga mayai kwenye miili ya viwavi nao wanakuwa kazini wakati huo huo, na kila siku ya joto anayokaa bila kula vya kutosha inamlia akiba yake.

Si wote wanaotegemea kemia. Nyuki wa asali hawagandi wala hawaingii dayapozi. Hujikusanya donge moja kumzunguka malkia na kutetemesha misuli ya mabawa bila kupiga mabawa yenyewe, na tetemeko hilo hutoa joto. Wale wa ganda la nje hukaa karibu nyuzi 10, maana wakipoa chini sana ya hapo hulegea na kudondoka. Katikati ya donge kuna nyuzi ishirini na ushee, na malkia akianza kutaga, joto la katikati hupandishwa hadi karibu 35. Kinacholipia joto lote hilo ni asali. Hapa pia matayarisho yalianza mapema: nyuki kibarua wa kiangazi huishi majuma sita hivi, lakini wale wanaozaliwa mwishoni mwa msimu hubeba mafuta na protini nyingi zaidi mwilini na huweza kuishi miezi mingi. Madume hufukuzwa kabla ya baridi.

Nyuki wakubwa wenye manyoya wa jenasi ya Bombus hawana donge. Kundi zima hufa isipokuwa malkia wachanga waliokwisha kupandwa. Kila mmoja huchimba shimo lake peke yake udongoni, na katika nchi za kaskazini mara nyingi huchagua mteremko unaoelekea kaskazini, upande wenye kivuli. Anatafuta mahali pa baridi, kwa makusudi, ili jua la siku moja njema ya Februari lisimwamshe kabla maua hayajatoka.

Na wapo wanaohama. Kipepeo Danaus plexippus wa mashariki mwa Amerika ya Kaskazini husafiri hadi kilomita 4,000 kufika kwenye misitu ya milima ya Mexico, hasa jimbo la Michoacán, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wa milima hiyo waliwaona miaka yote. Wanasayansi walipaonyeshwa Januari 1975, pale Kenneth Brugger na Catalina Aguado, waliokuwa wakisaidiana na mtafiti wa Kanada Fred Urquhart, walipoikuta miti imefunikwa na vipepeo mpaka matawi yameinama. Kule si kwenye joto. Ni baridi ya wastani tu, inayowafanya watulie na kutunza mafuta yao. Kipepeo mkavu huvumilia nyuzi kadhaa chini ya sifuri, lakini aliyelowa huganda mapema zaidi. Kwa hiyo paa la majani juu yake ndilo uhai wake, na msitu ukipunguzwa miti, mvua na umande vinamfikia.

Nitamtaja mmoja zaidi kwa ufupi, kwa vile anavunja taratibu zote. Chionea ni mdudu wa jamii ya inzi asiye na mabawa, mwenye miguu mirefu, ambaye hutembea juu ya theluji usiku akitafuta mwenza. Hana kinga kubwa ya kuganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba barafu ikianza kwenye mguu mmoja, huukata mguu huo mwenyewe kabla barafu haijapanda hadi mwilini, na kuendelea na safari kwa ile iliyobaki.

Sasa, ndugu zangu, nifike kwenye jambo linaloniumiza. Tukisikia majira ya baridi yanapungua ukali, tunafikiri ni nafuu kwa wadudu. Kwa baadhi ni kweli. Mbawakawa wa misonobari Dendroctonus ponderosae, nchini Kanada, alikuwa akipunguzwa na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, hasa ikimkuta mapema kabla hajajaza gliseroli. Baridi hizo zilipoadimika, alienea kwenye jimbo la British Columbia kuanzia miaka ya 1990 na kuathiri zaidi ya hekta milioni 18 za msitu.

Lakini kwa wengi wengine joto hilo ni hasara. Mkumbuke ule ubongo wa pupa wa Williams, uliohitaji baridi ndipo uweze kutoa ishara ya kuendelea. Mdudu aliye kwenye dayapozi hali. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea. Wahenga walisema akiba haiozi, nami naongeza kwamba huliwa: mwili ukipata joto hutumia mafuta haraka zaidi, na anayeamka mwezi mmoja kabla ya maua anaamka na tumbo tupu. Usubi asiye na mabawa Belgica antarctica, mdudu pekee ambaye makazi yake ni Antaktika tu, anaweza kupoteza hadi asilimia 70 ya maji ya mwili na kuishi, lakini majaribio yameonyesha kwamba baridi ikiwa hafifu kuliko aliyoizoea, akiba yake inapungua na wengi zaidi hufa. Kisha kuna theluji yenyewe. Chini ya theluji nene joto la ardhi hubaki karibu na sifuri hata hewa ya juu ikiwa kali sana. Theluji ikiyeyuka katikati ya msimu na baridi ikarudi usiku, aliyekuwa amefunikwa anabaki wazi.

Mengi ya hayo hayarekebishwi na mtu mmoja bustanini, nami sitadanganya. Lakini liko tunaloweza kuacha kulifanya. Majani makavu tunayoyafagia na kuyachoma, na mashina yaliyokauka tunayoyakata ili pawe pasafi, ndimo walimojificha. Ukichoma lundo la majani umechoma pupa na mayai ambayo yalikwisha kamilisha matayarisho yote niliyoyaeleza. Yaacheni mpaka hewa ipate joto la kudumu, sio siku moja ya jua. Kama ni lazima kukata, kateni mashina, yafungeni, yasimamisheni nje kwenye baridi ile ile. Msiyaingize stoo yenye joto.

Na ukimkuta kipepeo amejibana kwenye kona ya chumba chenye joto katikati ya majira ya baridi, usimwache hapo kwa kumhurumia, maana joto la chumba linamaliza mafuta yake. Usimtoe dirishani pia akaangukia thelujini. Mchukue taratibu kwa karatasi, mwingize kwenye kijiboksi, mpeleke kwenye banda baridi, kavu, lisilo na upepo, umtoe kijiboksini na kumweka juu ya ukuta au boriti, na uhakikishe banda lina mwanya atakaopitia majani yakichipua.

Asanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.